Mitano Mbali, Mitatu Karibu

Benchi lenyewe ni mbao mbili zilizopigiliwa juu ya magogo, likaegemezwa kwenye ukuta wa kinyozi, upande ambao jua la alasiri huukwepa mapema. Ukikaa mwisho wa kulia, nusu ya paja lako inaning'inia hewani. Ndiyo maana mwisho wa kulia huachiwa aliyechelewa. Jumamosi ile aliyechelewa alikuwa Pindo, fundi cherehani wa duka la pili kutoka kona, mtu ambaye hata siku ya mvua huwa wa kwanza. Jina hilo alipewa na wateja, maana kila suruali iliyotoka fupi alikuwa akisema, "Usijali, kuna pindo." Wenzake walikuwa wameshakaa: Kifungu, karani mstaafu wa mahakama, ambaye hawezi kuomba chumvi bila kutaja kifungu cha sheria, Kokoto, mwashi mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ghorofa ya tatu, na Redio, kinyozi mwenye ukuta, anayepata habari kabla hazijatokea. Kahawa ilikuwa ya Shangazi. Hakuwa shangazi wa yeyote kati yao, lakini nani angethubutu kumwita jina jingine?

— Leo vipi? Redio akamdaka. Uso umejikunja kama kola iliyokosa pasi.

— Nina jambo, Pindo akasema.

Watatu wakasogeleana. Pale kijiweni, mtu akisema ana njaa anapewa pole. Akisema ana jambo, anapewa kikombe. Shangazi akammiminia.

— Mpwa wangu amepata chuo.

— Ohoo! Hongera! Kokoto akampiga mgongoni, kahawa ikaruka. Sasa jambo liko wapi hapo?

— Amepata viwili.

Hapo vikombe vikawekwa chini, maana neema ikizidi nayo inahitaji kikao.

Binti aliyekuwa akizungumziwa walimjua wote. Alikuwa mtoto wa dada yake Pindo, muuguzi wa serikali, aliyekuwa akihamishwa kituo hiki mwaka huu na kile mwaka ujao. Dada alichoka kumhamisha mtoto shule kama mzigo, akamleta kwa kaka yake akiwa darasa la nne. Wakati huo mke wa Pindo alikuwa hai. Alipofariki, ndani ya nyumba wakabaki wawili, mjomba na mpwa, na hawakuwahi kukaa chini wakajadili wataishije, waliishi tu. Binti alikuwa na tabia moja iliyomtesa fundi. Yale makaratasi magumu yanayoviringishiwa vitambaa dukani aliyabeba nyumbani, akayakata, akayasimamisha yakawa nyumba zenye ngazi, vibaraza na madirisha. Kosa halikuwa nyumba. Kosa ni kwamba alikata kwa mkasi wa mjomba, na mkasi wa kitambaa ukikata karatasi umekwisha. Waligombana sana juu ya mkasi ule, hadi siku Pindo aliponunua mwingine, akauweka mezani bila kusema neno.

— Anataka kuwa msanifu majengo, Pindo akaendelea. Chuo cha kwanza kinafundisha usanifu wenyewe. Miaka mitano, moja kwa moja. Ila kiko mbali, basi linaondoka asubuhi linafika giza limeingia. Cha pili ni hiki cha hapa mjini. Miaka mitatu, shahada ya ubunifu wa majengo na mazingira. Akitoka hapo bado hajawa msanifu, atasoma shahada ya pili ndipo awe. Na njia zote mbili, akimaliza, lazima afanye kazi chini ya msanifu aliyesajiliwa, halafu afanye mtihani wa bodi. Mwisho wa kuthibitisha ni Jumatatu.

Aliposema "hapa mjini" sauti yake ililainika, kama mtu anayesifia mbuzi anayetaka kumuuza.

— Na dada yako anasemaje? Shangazi akauliza.

— Nimempigia. Anasema, "Kaka, wewe ndiye uliyemlea. Mtakaloamua nitalibariki."

— Basi tuingie kwenye shauri, Kifungu akasema, akakunja miguu. Kwanza kabisa, je, baraza hili lina mamlaka?

— Linayo, kunywa kahawa, Shangazi akamjibu.

— Mimi nasema hapahapa, akaanza Redio. Wahenga walishasema, fimbo ya mbali haiui nyoka.

— Kwani anakwenda kusoma au kuua nyoka? Kokoto akauliza.

— Ni mfano!

— Mfano gani? Wahenga haohao wamesema, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Ulimwengu uko wapi? Uko mbali! Huwezi kufunzwa na ulimwengu ukiwa unarudi kulala kwa mjomba.

Pindo akakohoa. Hakuupenda mkondo huo.

— Lakini bandu bandu huisha gogo, akasema taratibu. Mitatu kwanza, anapumzika, halafu mingine. Kidogo kidogo.

— Sasa gogo likiisha, Kokoto akasema, si ndiyo hasara? Atakalia nini?

Wakacheka, na Pindo akacheka nao nusu, jicho lake likiwa kwenye kikombe. Alikuwa amekuja pale na jibu lake mfukoni. Alichotaka ni watu watatu wenye akili timamu waliseme kwa midomo yao, ili akifika nyumbani aweze kusema, "Wazee wameshauri."

— Nyinyi mnagombania miaka, Kokoto akaendelea, na kumbe kosa liko kwenye masomo yenyewe. Asisome usanifu. Asome uhandisi. Nimejenga nyumba tangu meno yangu yako kamili. Msanifu anachora dirisha, halafu anakwenda kunywa chai. Mhandisi ndiye anayeuambia ukuta, "Simama hapo."

— Na ukuta unasikia? Redio akauliza.

— Unasikia! Ukiona ukuta umeanguka, jua haukuambiwa.

— Mwenzangu, mbona wewe ulijenga ule uzio wa kanisani ukalala chini?

— Ule ulisukumwa na mvua. Tena msinitajie nyufa. Kuna methali mbaya sana mnayowafundisha watoto, eti usipoziba ufa utajenga ukuta. Sasa kila mtu akiziba ufa, sisi wajenzi tutakula wapi? Methali ile ilitungwa na adui wa mafundi.

Kifungu akainua kidole. Alikuwa akikitunza kidole kile tangu mwanzo.

— Mheshimiwa Pindo, nisikilize. Nimekaa mahakamani miaka mingi, sijapata kuona nyumba ikija kulalamika juu ya watu. Ni watu ndio huja kulalamika juu ya nyumba. Jirani amejenga mpaka kwenye mpaka. Dirisha la huyu linachungulia bafu la yule. Kwa hiyo binti aanze na sheria. Shahada ya kwanza sheria, ya pili usanifu. Atachora nyumba isiyoshtakika.

— Nyumba isiyoshtakika ndiyo ikoje?

— Haina madirisha, Redio akadakia.

— Haina majirani, akasema Shangazi.

— Wote mmekosea, Redio akasema, naye sasa alikuwa amesimama, kitambaa cha kunyolea kikiwa begani. Nani huketi kwenye kiti changu wiki nzima? Wanaume wanaojenga. Na wanalia nini? Hawalii saruji. Wanalia wake zao! Mke anataka jiko huku, mume anataka sebule huku, nyumba inaisha na ndoa imeisha. Mtoto asome saikolojia. Kwanza awapatanishe, ndipo achore.

— Hilo lina ukweli kidogo, Shangazi akakubali, na hapo ndipo alipokosea, kwa sababu Redio akipewa kidogo huchukua mkoa mzima.

— Tena nimesikia, akashusha sauti, kwamba huko mbele watu hawatajenga juu. Joto linazidi. Watahamia chini ya ardhi, kama panya buku. Sasa msanifu aliyesomea paa atafanya nini na watu wasio na paa? Asome miamba!

— Chini ya ardhi kuna maji, Kokoto akapinga. Labda asomee samaki.

— Samaki wanajenga?

— Ndege wanajenga. Umeshamwona ndege mwenye shahada?

— Basi asome ndege!

— Kwa mujibu wa hoja hiyo, Kifungu akasema, chuo kizuri kwake ni mti.

Kufikia hapo mpwa wa Pindo alikuwa ameshasomeshwa uhandisi, sheria, saikolojia, miamba, samaki na ndege, na hajachora hata mlango. Pindo alikuwa akiwatazama wakirushiana maneno, na cha ajabu alijisikia ametulia. Kadiri walivyokwenda mbali, ndivyo chuo cha karibu kilivyoonekana cha busara. Akajiambia, bado kidogo, watachoka, nitawauliza, "Kwa hiyo hapahapa mjini, siyo?" nao watasema ndiyo.

Ndipo akaja mama mmoja ambaye hawakumjua. Baiskeli yake ilikuwa inazibwa pancha ng'ambo ya barabara, naye alitaka pa kungojea. Akaomba kahawa, akaamkia, akaonyeshwa ule mwisho wa kulia baada ya Pindo kusogea. Akasikiliza kidogo habari za ndege.

— Samahanini, akasema. Anayesoma ni nani?

Pindo akamweleza kwa kifupi: mpwa, usanifu, mitano mbali, mitatu karibu, Jumatatu.

— Na nyumbani mko wangapi?

— Mimi na yeye.

— Ahaa. Mama akapuliza kahawa yake. Halafu akauliza kwa sauti ileile ya kawaida, kama anayeuliza njia ya sokoni:

— Sasa akienda, wewe utakuwa unakula na nani?

Redio akakunja upya kitambaa cha begani. Kokoto akaanza kukwangua chokaa kavu kwenye kucha. Walikuwa wamekaa na Pindo benchi moja miaka yote ile, wakasaidiana naye kumzika mkewe, na hakuna aliyewahi kumuuliza anakula na nani.

— Swali hilo, Kifungu akasema, haliko mbele ya baraza.

Lakini aliliangalia vumbi akisema hivyo.

Shangazi akatikisa birika. Likatoa mlio mkavu wa machicha, naye akatangaza kwamba kahawa imekwisha. Hakuna aliyebisha. Mama mgeni akashukuru, akavuka barabara kuchukua baiskeli yake, wala hakujua alichokiacha nyuma.

Pindo alitembea pole pole kurudi nyumbani. Alimkuta mpwa wake mezani, amesukuma sahani pembeni, simu mkononi.

— Shikamoo, Mjomba. Umechelewa. Nimeshathibitisha nusu.

— Nusu ndiyo nini?

— Nimejaza kila kitu, bado kubonyeza. Nimechagua hiki cha hapa.

Lilikuwa ndilo neno alilolitaka tangu asubuhi. Sasa limekuja lenyewe, bila wazee kushauri, na Pindo akashangaa kuona halimfurahishi. Akavuta kiti.

— Kwa nini?

— Ni kizuri.

— Kizuri kivipi?

— Kiko karibu.

— Hata choo kiko karibu.

Binti akacheka, kisha akaacha kucheka alipoona mjomba wake hacheki.

— Ungekuwa huna mjomba, Pindo akauliza, ungechagua kipi?

— Swali gani hilo, Mjomba?

— Nijibu tu.

Binti akaiweka simu mezani. Halafu akaanza kueleza, kwanza kwa kusitasita, mwisho akisahau kusitasita. Akasema chuo cha hapa si kibaya. Ni kizuri kwa mtu ambaye bado anajiuliza: anasoma mitatu, anaonja hiki na kile, akiona moyo wake uko kwenye bustani au kwenye mipango ya mji anageuka bila hasara. Rafiki yake wa darasani anakwenda hapo kwa sababu hiyo, na amechagua vyema.

— Ila mimi sijiulizi, akasema. Kule wanakupa meza ya kuchorea wiki ya kwanza. Unachora, wanakukosoa mbele ya wenzako, unararua, unachora tena. Miaka mitano ni hivyo tu. Mimi nataka kuanza, Mjomba. Sitaki kuzunguka nyumba ilhali mlango nauona.

— Basi kwa nini umejaza cha hapa?

Binti akafuta meza kwa kiganja, ingawa haikuwa chafu.

— Nani atakukumbusha dawa ya presha? Wewe ukiwa na nguo za harusi za watu, unasahau hata kula.

Pindo akageukia dirishani. Kwenye kioo alijiona: mtu mzima aliyekuwa amekwenda kijiweni kuombea mtoto abaki, huku mtoto yuko nyumbani anajibakisha mwenyewe kwa ajili yake. Wawili wakivutana kamba upande uleule. Kama si mama yule mwenye pancha, wangefika pabaya.

— Mwanangu, akasema, mimi leo nimekwenda kutafuta watu wa kuniambia nikuzuie. Nimewapata, tena. Mmoja alitaka usomee samaki.

— Samaki?

— Ni hadithi ndefu. Dawa nitameza. Mama yako ni muuguzi, anipigie kila jioni anitukane. Nguo za harusi nitazikataa nikizidiwa. Upweke... Upweke ni wangu, nitaushona mwenyewe. Usiubebe wewe kwenye begi, begi lako lina vitabu. Futa hicho ulichojaza.

— Mjomba...

— Futa, mama. Jaza upya nikiwa hapa naona.

Akajaza upya. Alipobonyeza, Pindo akasimama kupasha chakula, akampa mgongo.

Binti aliondoka muhula ulipofunguliwa. Kijiwe kizima kilikwenda stendi: Kokoto akabeba sanduku peke yake akikataa msaada, Kifungu akatoa nasaha iliyokatizwa na honi, na Shangazi akampa chupa ya kahawa ambayo binti hakuwa akinywa. Pindo hakusema mengi. Alimfunga kifungo cha juu cha shati, akakifungua tena, akasema, "Haya."

Majuma yaliyofuata yalikuwa mazito, tusidanganyane. Pindo alikuwa wa kwanza kufika kijiweni na wa mwisho kuondoka. Shangazi akikusanya vikombe, yeye bado yuko. Alikula popote njaa ilipomkuta, mara nyingi dukani, amesimama, kati ya vitambaa. Nyumbani alikwenda kulala tu. Wenzake waliona, na kwa kuwa swali lile bado lilikuwa limewakaa kooni, hawakumtania. Redio alianza kufunga duka kwa kuchelewa. Kokoto alizua mabishano ambayo hakuyaamini, mradi kikao kirefuke.

Jioni moja simu ya Pindo ikalia katikati ya ubishi kuhusu kama kivuli kina uzito. Akaiweka sauti ya juu, maana kijiwe kisingekubali vinginevyo.

— Mjomba, shikamoo! Shikamooni wote!

— Marahaba! benchi likaitika.

— Mjomba, nina haraka. Tumepewa kazi: mtu achore chumba anachokijua kuliko vyote duniani. Mimi nachora jikoni kwetu. Nilikuwa naenda vizuri, sasa nimekwama. Mlango wa jikoni unafungukia ndani au nje?

Pindo akafungua mdomo kujibu. Aliupita mlango ule asubuhi na jioni tangu alipooa, na sasa alipoufikiria, ulifunguka ndani, ukafunguka nje, ukafunguka pande zote.

— Ndani, Kokoto akasema. Milango yote ya jikoni hufungukia ndani.

— Kwa sababu za moto, Kifungu akasema, lazima iwe nje.

— Mimi nimekula kwake mara ngapi? Redio akasema. Kwani lile jiko lina mlango?

— Mjomba? Si unapita hapo kila siku?

— Ninapita, mama. Kumbe siangalii.

Akasimama. Kikombe chake kilikuwa kimejaa nusu, akakiweka mikononi mwa Shangazi.

— Unakwenda wapi? Kokoto akauliza. Jua bado liko!

— Usikate, Pindo akasema, na hakuwa akimwambia Kokoto.

Alikuwa ameshapita duka lake, simu sikioni, hatua zake za haraka kama za mtu aliyeacha pasi ya moto juu ya nguo. Sauti ya binti ilikuwa inamkimbiza kwa maswali: sakafu inashuka kidogo upande wa sinki au ni yeye tu anakumbuka hivyo? Dirisha liko juu ya kichwa au usawa wa macho?

— Usawa wa nani? Pindo akauliza, akigeuka kona ya nyumbani.

— Wako, ukiwa umekaa pale pako mezani. Unaliona lote?

— Ngoja, akasema, akitafuta ufunguo mfukoni. Ngoja niingie nikae.